Mdomo wa Mama Haloo

Mama Haloo alifunga mdomo. Hakuufunga kwa hasira. Aliufunga taratibu, kama mtu anayerudisha dirisha mvua inapoanza, kisha akageuzia uso ukutani, mahali ambapo mwanga wa asubuhi uliopenya pazia ulikuwa ukitetema kama maji ndani ya beseni.

"Mama, kidogo tu," alisema mke wa mwanawe, mswaki mkononi, taulo begani. "Tupige mbele, tupige pembeni, tumalize. Halafu tunakunywa supu."

Mdomo haukufunguka.

Mke wa mwanawe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi lililokuwa chini ya ghorofa yao, na kwa ajili hiyo nyumba nzima ilimwita Dobi, hata mumewe. Alikuwa na mikono mizito, iliyozoea kulazimisha vitu vinyooke. Kola ya shati jeupe, alipenda kusema, haitakati kwa kubembelezwa. Basi na meno ya mama mkwe aliyashughulikia vivyo hivyo: mswaki mgumu, dawa ya meno tele, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka povu ligeuke rangi ya waridi. Alipoliona lile povu la waridi moyo wake ulitulia. Uchafu unatoka, alijiambia.

Mama Haloo angeweza kumweleza kwamba haukuwa uchafu. Lakini kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wake wa kulia na kuondoka na maneno yote. Katika maisha yake ya kazi alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa ya mji, na jina hilo alilipata kutokana na sauti yake. Watu walikuwa wakipiga simu kumtafuta daktari, wakasikia ile "haloo" yake, wakapoa hata kabla daktari hajapatikana. Sasa alikaa ndani ya ukungu. Honi za barabarani, vyombo vya jikoni, kicheko cha mjukuu, vyote vilimfikia kama simu za watu wasiosema wanataka kuunganishwa na nani. Alizisikiliza kwa subira. Lakini nywele za mswaki zilipogusa ufizi wake, ukungu ulipasuka na moto ukaingia. Hakuwa na neno la kuuzuia. Alikuwa na mlango mmoja tu uliobaki kuufunga, akaufunga.

"Basi," Dobi alisema, akafuta kidevu kilichokuwa kikavu. "Jioni tutajaribu tena."

Binti yao wa pekee, aliyeitwa Pengo tangu meno yake ya mbele yalipong'oka, alikuwa mlangoni na begi la shule mgongoni.

"Mama, mbona mdomo wa bibi unanuka?"

"Nyamaza wewe!"

"Nauliza tu."

Mama Haloo alisikia. Hiyo simu ilimfikia moja kwa moja. Jicho lake la kushoto lilijaa maji, likaendelea kutazama mwanga ukutani.

*

Jumapili Shangazi alikuja. Alikuwa dada mkubwa wa mume wa Dobi, mwanamke wa benki, mrefu, asiyeingia mahali bila manukato yake kutangulia. Alimwinamia mama yake ambusu shavuni, akasita katikati ya njia, akambusu kwenye kipaji cha uso.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "huyu mama anapigwa mswaki kweli?"

"Kila siku, wifi. Asubuhi na jioni."

"Kila siku."

"Kila siku, nakwambia. Akikubali."

Shangazi alikwenda kufungua dirisha, akalifungua lote, na akasimama pale akivuta hewa kwa namna ambayo hata jirani wa ng'ambo angeielewa. Kaka yake, mpiga picha mwenye studio ndogo mtaani, aliona yote na akajifanya anatafuta rimoti. Kazini kwake alikuwa hodari wa kuwaambia watu watabasamu, na waliokuwa na meno ya njano aliwasafishia kwenye kompyuta bila kuwaambia. Lakini nyumbani, panapotokea la kusemwa, ulimi wake ulilala.

Dobi aliingia jikoni akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

"Na amekonda," sauti ya Shangazi ilimfuata. "Kaka, huoni? Mama amekonda! Anakula nini humu ndani?"

"Anakula," alisema Mpiga Picha.

"Hali," Dobi alisema kutoka jikoni. "Siku hizi hali. Nikimpa kijiko anakibana, chakula kinarudi. Nisiseme uongo."

"Sasa hapo ndipo umesema," Shangazi alijibu, akachukua mkoba wake.

Siku chache baadaye kikohozi kilianza. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha maji maji, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuzungumza, na kwa muda Pengo alifurahi akidhani bibi anataka kusema kitu. Kisha joto likapanda. Mchana mmoja Dobi alirudi kutoka dukani akamkuta mama mkwe amelegea, midomo imekauka, pumzi inapanda na kushuka kwa haraka kama ya ndege aliyeshikwa mkononi. Yeye na mumewe walimteremsha ngazi kwenye kiti cha plastiki, mmoja mbele mmoja nyuma, huku majirani wakitoa vichwa milangoni na kuuliza, "Vipi tena?"

*

Hospitali ilikuwa ileile ambayo Mama Haloo aliifanyia kazi. Daktari wa wodi alisikiliza kifua, akasema ni nimonia, akamwekea dripu na hewa ya puani. Alisema pia kuwa angemwita mwenzake wa meno amtazame mdomo, kwa sababu hali ya mdomo ule hakuipenda. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida, mbele ya wauguzi na mgonjwa wa kitanda cha pili, na Dobi aliona aibu, kama sakafu inamwita.

Kwenye korido Shangazi hakupunguza sauti.

"Umemshindisha mama yangu njaa. Umemwachia mdomo uoze. Kisha unaniambia kila siku, kila siku!"

"Wifi, haki ya Mungu—"

"Usiniapie. Kaka, sema kitu!"

Mpiga Picha alitazama viatu vyake. Mfagiaji aliyekuwa akipita aliusimamisha ufagio kidogo, akaendelea.

"Tusubiri daktari," alisema hatimaye, na Dobi hakujua amemtetea nani.

Walisubiri mpaka dawa zikafanya kazi na joto likashuka. Ndipo Mama Haloo akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha meno, chini kabisa, ambako dirisha lilitazama bustani na mwanga uliingia wa kijani. Familia nzima ilifuata, Pengo akiwa ameshika mkono wa kiti. Daktari wa meno alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alizungumza na mgonjwa kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote.

"Mama, nitaangalia. Ukitaka niache, inua mkono wako huu mzima. Nitaacha hapo hapo."

Mama Haloo aliujaribu mkono. Daktari aliacha. Alisubiri. Mkono ukashuka, na mdomo, ule mdomo uliokuwa umegoma, ukafunguka wenyewe.

Daktari aliingiza kidole chenye glavu ndani ya shavu la kulia, akatoa bonge dogo la mkate, laini, lililochacha.

"Upande huu hausikii," alisema. "Chakula kinajificha hapa na yeye hajui kama kipo. Na fizi zina vidonda. Mtu mwenye vidonda hivi hata supu inamchoma. Hakukataa kula. Aliogopa." Akachovya pamba kwenye kichupa. "Sasa nitapaka rangi. Haina madhara. Inashika kwenye ukoga tu, ili tuone ulipo."

Alipaka, akamsaidia mgonjwa kusukutua, akawasha taa. Meno ya Mama Haloo yaling'aa kwa mbele, meupe. Lakini chini, pale jino linapoingia kwenye ufizi, kulikuwa na mstari mnene wa zambarau. Zambarau kati ya jino na jino. Zambarau upande wote wa ndani, kama jioni iliyofungiwa mdomoni.

"Nani anampiga mswaki?"

Shangazi aligeuka kumtazama wifi yake.

"Mimi," alisema Dobi.

"Unaona?" alisema Shangazi.

"Naona," alisema daktari. "Naona mtu aliyefanya kazi kubwa, ila mahali pasipo na kazi. Huu ukoga si uchafu wa chakula, dada yangu. Ni vijidudu vilivyojijengea utando na kushikamana ukingoni mwa fizi. Ukiuondoa leo, saa chache baadaye vinaanza kujenga tena, ndiyo maana ni kila siku. Ukiuacha, unakuwa mgumu kama jiwe, mswaki hauuwezi tena. Na kwa mgonjwa kama huyu, anayepaliwa na mate, vijidudu hivyo vinateremka na mate mpaka kifuani. Nimonia yake yaweza kuwa ilianzia hapa."

"Lakini nilisugua," Dobi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisugua kwa nguvu zangu zote."

"Najua. Fizi zinaeleza. Utando wenyewe ni laini, hauhitaji kupigwa. Unahitaji kufikiwa."

Pengo alikuwa amepanda kwenye stuli. "Na mimi nipake rangi!"

"Pengo, shuka," alisema Dobi.

"Mwache," alisema daktari, akampaka. Mtoto alitabasamu mbele ya kioo, meno yake machache yakiwa zambarau tupu, akapiga kelele za furaha. Mpiga Picha akainama apakwe naye. Mstari wake ulikuwa wazi kama umechorwa kwa kalamu. Daktari akamgeukia Shangazi.

"Mimi nasafisha vizuri," alisema Shangazi.

"Shangazi anaogopa!" alisema Pengo.

Alipakwa. Alijitazama kwenye kioo, mwanamke wa benki na manukato yake, zambarau imemzunguka kila jino kama pindo la kanga, na papo hapo alifunga mdomo kwa namna ileile ya mama yake, taratibu, akigeuzia uso ukutani. Hapo sauti ikatoka kwenye kiti cha magurudumu. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya upande mmoja. Ilichukua muda kabla hawajatambua kuwa Mama Haloo anacheka.

*

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, Dobi alisimama mbele ya sinki la nyumbani na mswaki wake mwenyewe. Aliushika kama alivyozoea, ngumi nzima, akaupeleka kwenye ufizi wake, akasugua kwa nguvu alizokuwa akizitumia kwa mama mkwe. Aliendelea mpaka macho yakatoka machozi. Alipotema, povu lilikuwa la waridi.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia bila sauti. Maji ya bomba yalikuwa yakidondoka, kila tone likikusanya mwanga wa dirisha kabla ya kuanguka, na ilionekana kama dunia nzima inafanya mambo yake polepole isipokuwa mikono yake.

Kisha akainuka, akajifunza upya. Daktari alikuwa amemwambia aushike mswaki laini kwa vidole, kama kalamu. Auinamishe, nusu ya nywele kwenye jino na nusu kwenye ufizi. Autikise papo hapo kidogo kidogo, miduara midogo, kisha asogee. Mwanzoni vidole vilitaka kugandamiza. Pasi ilikuwa imevifundisha hivyo kwa miaka. Alijizuia. Alifikiria namna alivyokuwa akimpapasa Pengo utosini alipokuwa mchanga, pale panapopumua, na mkono ukakumbuka wepesi ambao haukuwa umepotea.

Wodini, asubuhi zilizofuata, alimwinua Mama Haloo kwenye mito ili asipaliwe, akakaa upande wa kushoto, ule unaosikia, ili aonekane anapokuja. Akaanza kwa kumgusa shavu. Akangoja.

"Mama, ukinyanyua mkono naacha."

Mara ya kwanza mkono ulinyanyuka kabla mswaki haujafika. Aliacha. Mara ya pili pia. Mara iliyofuata mswaki uliingia, ukapita juu ya ufizi kama mtu anayetembea pekupeku kwenye chumba chenye mtu aliyelala. Mama Haloo alimkodolea macho. Alikuwa akingoja moto, na moto haukuja. Palikuja ubaridi wa mnanaa, na kitu kama mvua ndogo juu ya bati la mbali, ikizunguka, ikisogea, ikizunguka. Ndani ya ukungu wake simu zote zilinyamaza. Alifumba macho na kuachia taya.

Dobi alifagia shavu la kulia kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akatoa mabaki, akafuta midomo. Siku ile Mama Haloo alimaliza bakuli la supu. Daktari wa meno alipompaka rangi tena, ulibaki mstari mwembamba tu, kama uzi uliosahauliwa kwenye nguo.

"Mikono mizuri," alisema daktari.

Dobi aliitazama kana kwamba ameiazima.

*

Habari ya Mama Haloo kuondoka hospitali Dobi aliambiwa na mumewe kwenye ngazi, akiwa amebeba chupa ya chai.

"Dada anamchukua mama. Kwake hakuna kupanda ghorofa, vyumba vipo, gari lipo."

"Mmeamua lini?"

"Jana. Ilikuwa tu maongezi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nilijua utakubali."

"Ungeniuliza, ningekubali," alisema Dobi. "Sasa umeninyima hata nafasi hiyo."

Mpiga Picha alifungua mdomo, akaufunga, akamfuata ngazini kama mtu aliyebebeshwa mzigo asioujua uzito wake. Walipofika juu alisema, "Nimekosea," kwa sauti ya chini, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusema jambo kabla ya kusukumwa.

Dobi alizipiga pasi nguo zote za mama mkwe, hata vitambaa vya kichwa, akazipanga kwenye begi. Kwenye gari alijaribu kumwonyesha Shangazi mswaki laini.

"Unauinamisha hivi, wifi. Halafu unamngoja. Ukimharakisha—"

"Daktari ameniandikia yote," alisema Shangazi, akalichukua begi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga dirisha la kuhudumia wateja, muda umekwisha. Gari likaondoka. Upande wa dirisha la nyuma uso wa Mama Haloo ulionekana, nusu umelala, nusu unatazama.

Nyumba ilibaki na nafasi ambayo hakuna aliyejua aiwekee nini. Pengo alikwenda kukaa ukutani pale mwanga unapotetema. Dobi alipiga pasi mashati ya watu. Mvuke ulipanda mbele ya uso wake, na ndani ya mvuke mara kwa mara aliona mdomo ukifunguka polepole.

Simu ilipigwa mchana, akiwa kazini.

"Wifi," sauti ya Shangazi ilikuwa imekauka. "Amefunga mdomo. Tangu jana. Hata maji."

"Anakohoa?"

"Hapana. Bado. Njoo. Tafadhali."

*

Bafu la Shangazi lilikuwa la vigae vyeupe, na jua la alasiri lilikuwa limejaa humo kiasi kwamba watu walioingia walionekana wanaelea. Mama Haloo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, taulo shingoni, mdomo umebanwa. Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele yake, blauzi ya kazini imerukiwa na dawa ya meno, mswaki laini ameukamata kwa ngumi nzima.

Dobi aliitazama ile ngumi. Maneno yalimjaa: kila siku, wifi? Anapigwa mswaki kweli? Yalimfika mpaka kwenye meno. Aliyaacha yarudi.

"Nagandamiza?" Shangazi aliuliza.

"Unagandamiza."

"Naogopa kuacha vile vijidudu. Nikipunguza naona kama sisafishi. Naona kile kifua kinapanda na kushuka. Nimesoma ile karatasi mpaka nimeikariri. Mama ananiangalia kama mtu asiyenijua."

"Hata mimi aliniangalia hivyo hivyo."

"Yale niliyokwambia kwenye korido..."

"Ulikuwa unamlilia mama yako. Legeza vidole."

Dobi alipiga magoti kando yake. Aliuweka mkono wake mzito juu ya mkono wa wifi yake wenye pete, akauzungusha mswaki mpaka ukakaa kama kalamu. Wakangoja wote wawili. Nje mtu alikuwa akimwagilia maua. Dobi alimgusa Mama Haloo shavu la kushoto, akauweka mkono mzima wa mama mkwe juu ya paja lake ili aukumbuke. Midomo ikaachana.

"Sasa," alinong'ona. "Usisafishe. Tembea tu."

Mikono miwili ikaongoza mswaki mmoja ukingoni mwa fizi, jino baada ya jino, nje kisha ndani. Polepole Dobi akapunguza uzito wa mkono wake, kisha akauondoa kabisa, na Shangazi hakutambua. Alikuwa anatikisa vidole, ameshikilia pumzi, machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta. Povu lilipotemwa lilikuwa jeupe.

Mama Haloo alisukutua, akafutwa. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akauchukua mswaki kutoka kwa binti yake. Aliutazama. Akaurudisha ndani ya glasi, na vidole vikaendelea kupapasa rafuni mpaka vikapata mswaki wa Shangazi mwenyewe, ule wa kijani.

"Anataka nini?" Shangazi aliuliza.

Mama Haloo aliuelekeza kwenye uso wa binti yake. Akafungua mdomo wake kwanza, wazi, kama watu wazima wote wanavyofanya wanapotaka mtoto afungue wake, na kutoka ndani ya ukungu ikapanda sauti, ya kukwaruza lakini nzima:

"Aaa."

Shangazi, pale pale magotini, akafunga macho na kufungua mdomo.

Dobi aliinuka taratibu, akafungua bomba kidogo, akakinga glasi ya maji, akasimama nayo kando yao, akingoja wamalize.